Udongo Unaohama, Sheria Isiyohama: Amri za Hifadhi ya Udongo kutoka Matuta ya Uluguru hadi Sheria ya Ardhi ya Vijiji

Mwezi wa Julai 1955 umati wa wakulima ulikusanyika Matombo, upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, kuwakabili Sultani wao na maofisa wa serikali ya kikoloni. Walichokikataa siku hiyo hakikuwa kodi mpya wala kuporwa mashamba. Walikataa kuchimba matuta. Mawe yalirushwa, polisi walifyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Kabla mwaka haujaisha, kazi ya kulazimishwa iliyoendeshwa chini ya Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru ilikuwa imesitishwa. Kwa mtazamaji wa mbali si rahisi kueleza kwa nini mkulima wa mlimani aingie katika ugomvi wa damu juu ya kazi ambayo, kwa maneno ya walioiamuru, ilikusudiwa kuliokoa shamba lake mwenyewe.

Wanahistoria wamelijibu swali hili kwa njia mbalimbali. Young na Fosbrooke (1960), walioandika moto ukiwa haujapoa, waliona mgogoro wa madaraka kati ya Sultani na wazee wa koo. Cliffe (1972) aliuweka mgogoro huo katika orodha ndefu ya upinzani wa wakulima dhidi ya kilimo cha kulazimishwa, upinzani ulioipatia TANU wafuasi vijijini. Maack (1996) alirejea kwa Waluguru wenyewe na kuonyesha kwamba matuta yaligusa haki za ardhi na namna watu walivyojitambua. Maelezo haya yote yana uzito. Hata hivyo, yote yanaichukulia sheria ya udongo kama chombo tu cha watawala, na hayasimami kuichunguza sheria yenyewe: ilimtaka nani afanye nini, kwa gharama ya nani, na kwa faida ya nani.

Makala haya yanashika uzi huo. Hoja yake ni kwamba tangu enzi ya ukoloni hadi sasa, sheria ya kuhifadhi udongo nchini Tanzania imeandikwa kama tawi la sheria ya ardhi, na hapo ndipo kasoro yake ya msingi ilipo. Ardhi kisheria ina mipaka na mmiliki, nayo haihami. Udongo huhama. Ukishikwa juu mlimani, anayenufaika mara nyingi ni mtu wa bondeni; ukiachiliwa, anayeumia ni huyohuyo wa bondeni pamoja na wajukuu wa aliye mlimani. Sheria inayomtazama mmiliki wa shamba peke yake humtwika mzigo wote mtu mmoja na kuyafumbia macho mafao ya wengine. Si ajabu kwamba lugha yenyewe imezoea kulificha jambo hili: hata mradi mkubwa kuliko yote wa kupambana na mmomonyoko baada ya uhuru uliitwa Hifadhi Ardhi Dodoma, ilhali kilichokuwa kikipotea kilikuwa udongo, na ardhi ilibaki palepale ikiwa na makorongo.

Hofu na chombo chake

Katika miaka ya 1930 dhoruba za vumbi zilizokumba nyanda za kati za Marekani ziliwatia hofu maofisa wa kilimo katika makoloni ya Uingereza. Anderson (1984) ameeleza jinsi hofu hiyo, pamoja na mdororo wa uchumi, ukame na ongezeko la watu, ilivyogeuza mmomonyoko wa udongo kuwa suala la sera Afrika Mashariki. Tanganyika ilikuwa na maeneo yaliyotajwa mara kwa mara: vilima vya Irangi huko Kondoa, Usukuma, Usambara na Uluguru. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha fedha za maendeleo zilipatikana, na mipango ikafuatana: Mlalo katika Usambara mwaka 1946, Usukuma mwaka 1947, Uluguru mwaka 1950.

Fedha zilikuwa za serikali kuu, lakini chombo cha sheria kilikuwa cha wenyeji, angalau kwa jina. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926 iliwapa watemi, masultani na majumbe uwezo wa kutoa amri na kanuni katika maeneo yao, na mahakama za wenyeji zilikuwa na uwezo wa kutoza faini na kufunga waliozivunja. Utaratibu huu ulikuwa na urahisi mkubwa kwa mtawala. Bwana Shamba alipendekeza, Mkuu wa Wilaya aliidhinisha, na Sultani alitia sahihi. Mkulima aliyekiuka hakushtakiwa kwa kuivunja sheria ya Mwingereza, bali kwa kutomtii kiongozi wake. Amri zenyewe zilifanana kutoka wilaya hadi wilaya: kutochoma majani, kutolima kandokando ya vijito, kutolima miteremko mikali, kuchimba matuta, kupunguza mifugo.

Kwa sura ya nje, basi, hizi zilikuwa sheria za jamii. Kwa undani hazikutokana na baraza lolote la jamii hiyo.

Matuta ya Uluguru

Milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake hupita mita 2,600, hupokea mvua inayotoka Bahari ya Hindi na kuigeuza kuwa mito. Ruvu na vijito vyake huanzia huko. Maji hayo yalihitajiwa mabondeni, mjini Morogoro na katika mashamba ya mkonge. Na tangu mtambo wa Ruvu Juu ulipojengwa mwaka 1959, maji ya milima hiyo yamekuwa yakinywewa Dar es Salaam. Kwa hiyo wasiwasi wa serikali kuhusu tope lililoshuka kutoka mashamba ya mlimani ulikuwa na msingi. Waluguru wenyewe hawakukana kwamba udongo ulikuwa ukipungua rutuba. Mashamba yalipumzishwa kwa muda mfupi kuliko zamani kwa sababu watu walikuwa wameongezeka.

Dawa iliyochaguliwa ilikuwa matuta ya ngazi: mteremko hukatwa na kusawazishwa vipande vipande hadi mlima ufanane na ngazi za nyumba. Kila mlipakodi alipangiwa kipimo chake cha kuchimba kwa mwaka, na aliyeshindwa kukitimiza alipelekwa mahakamani. Kitaalamu, kazi hii ina sharti moja ambalo halikuzingatiwa ipasavyo. Mteremko unapokatwa, udongo wa juu wenye rutuba hufukiwa, na udongo wa chini, ambao haujawahi kuguswa na jembe wala jani lililooza, ndio unaobaki juu. Udongo wa juu usipowekwa kando na kurudishwa, au samadi nyingi isipotiwa, mazao hupungua badala ya kuongezeka. Upande wa mashariki wa milima, udongo wa juu ni mwembamba, mifugo ilikuwa michache, na mazao makuu yalikuwa mahindi na mpunga wa mlimani. Mkulima aliyetii amri aliona kwa macho yake shamba la ngazi likimpa kidogo kuliko shamba la jirani aliyekaidi.

Hapa ipo tofauti inayofundisha zaidi kuliko mashtaka yote ya wakati ule. Huko Mgeta, upande wa magharibi wa milima hiyohiyo, matuta hayakuzusha ghasia za namna ile, na mengine yanalimwa hadi leo. Mgeta ililima mboga kwa ajili ya soko la Morogoro na Dar es Salaam; mboga zililipa vya kutosha kumfanya mtu amwagilie, atie samadi na kulitunza tuta lake. Amri ilikuwa ileile, Sultani yuleyule, faini ileile. Kilichotofautiana ni kama jasho la mchimbaji lilimrudia au halikumrudia. Kulieleza tukio la Matombo kwa ukaidi wa Waluguru, au kwa fitina za wanasiasa kama baadhi ya maofisa walivyopendelea, ni kuifanya Mgeta isiwepo kwenye ramani.

Suala la ardhi liliongeza ugumu. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na ardhi ilikuwa chini ya tombo, yaani tawi la ukoo lenye mkuu wake. Mtu asiye wa tombo hilo aliweza kupewa sehemu ya kulima, naye akatoa ngoto, malipo madogo ya kukiri kwamba ardhi ina wenyewe. Mume aliyelima kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe alikuwa katika hali kama hiyo. Sasa ikaja amri ya kila mlipakodi kuchimba tuta la kudumu pale anapolima. Aliyeazima ardhi alijiuliza kwa nini avunje mgongo kwenye shamba ambalo mwenyewe anaweza kulidai kesho. Mwenye ardhi naye alihofu kwamba aliyeazima, akishajenga kitu cha kudumu, atageuka kuwa mmiliki. Sheria ya udongo ilikuwa imegusa sheria ya umiliki bila kujua kwamba imeigusa. Young na Fosbrooke waliuchambua mfumo huu wa tombo na ngoto kwa makini, lakini walipoandika matuta yalikuwa yamekwisha kuachwa. Uchambuzi ambao ungefaa kutangulia amri uliifuata baada ya miaka kumi.

Mzigo haukugawanywa sawa ndani ya nyumba pia. Amri ilimtaja mlipakodi, ambaye kwa sheria ya kodi ya wakati ule alikuwa mwanamume, lakini mteremko uliokatwa ulikuwa shamba ambalo kwa sehemu kubwa ya mwaka lilipaliliwa na mwanamke, na chakula kilichopungua ndicho alichotakiwa kukiweka jikoni.

Kuhusu Sultani Sabu bin Sabu, historia haina budi kumtendea haki. Kabla ya ukoloni Waluguru hawakuwa na mtawala mmoja wa milima yote. Usultani uliotumiwa na Waingereza ulipata nguvu zake kutokana na utawala usio wa moja kwa moja. Wakuu wa koo ndio waliogawa ardhi, na viongozi wa matambiko, akiwamo mwenye jina la Kingalu, ndio walioombwa mvua. Sultani alipewa kazi ya kuamuru juu ya jambo ambalo kwa desturi halikuwa mikononi mwake. Alipotia sahihi kanuni za matuta hakuwa akitumia mamlaka aliyorithi, bali alikuwa akitumia kiasi kidogo cha heshima alichokuwa amekipata. Matombo ilikimaliza.

Mwaka 1970 mlima wenyewe ulitoa ushahidi wake. Tarehe 23 Februari mvua ya saa chache iliipiga Mgeta na kusababisha maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000, karibu yote kwenye mashamba na majani, na machache mno ndani ya msitu. Temple (1972), aliyefanya utafiti katika milima hiyo wakati huo, alihoji kama matuta ya ngazi yalikuwa dawa inayofaa kwa miteremko yenye mvua nyingi, kwa kuwa tuta hushikilia maji, na maji yanayozama kwenye mteremko mkali huuongezea uzito. Ubishi huo wa kitaalamu haujafungwa. Ila inatosha kusema kwamba jambo ambalo mkulima alifungwa kwa kulitilia shaka mwaka 1953 wataalamu walikuwa wakilitilia shaka katika majarida yao miaka ishirini baadaye.

Maarifa yaliyokuwapo

Haiwezekani kusema kwamba serikali haikuwa na mfano mwingine. Mwaka 1938 Pike alichapisha katika jarida la Tanganyika Notes and Records maelezo ya jinsi Wamatengo wa nyanda za juu za Mbinga walivyohifadhi udongo wao. Njia yao, ngoro, ilikuwa ya zamani kuliko ofisi ya Bwana Shamba. Majani hufyekwa na kulazwa mistari inayokatana hadi mteremko ufanane na wavu. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kutupwa juu ya majani. Shimo hubaki katikati likikamata maji ya mvua na tope, na kuta zenye majani yanayooza ndani yake hupandwa maharage, kisha mahindi. Wanaume kwa kawaida hufyeka na kulaza majani, wanawake huchimba na kufukia. Miteremko mikali imelimwa hivyo kizazi baada ya kizazi.

Ngoro haikuwa na amri wala faini, lakini lingekuwa kosa kusema haikuwa na sheria. Ilikuwa na mgawanyo wa kazi, majira, na haki zilizojulikana za nani alime wapi. Vivyo hivyo Feierman (1990) ameonyesha kwamba Washambaa waliupima utawala wowote kwa dhana mbili, kuzifya shi na kubana shi, yaani kuiponya nchi na kuidhuru. Mtawala aliyeleta amani, mvua na shibe aliiponya. Aliyeleta ugomvi na njaa aliidhuru. Mpango wa Usambara, uliozaliwa Mlalo, uliwalazimisha watu kulima kwa matuta na kuiacha miteremko mikali bila kuwapa pa kwenda. Kwa kipimo cha ofisini mpango huo uliiponya nchi. Kwa kipimo cha Mshambaa, amri inayomwacha mtu bila shamba haikuwa na namna ya kuitwa uponyaji, nao mwishoni mwa miaka ya 1950 ulikuwa umekufa. Katika Uluguru penyewe, wakulima wa Mgeta walikuwa na ngazi zao ndogo, ambazo hutengenezwa kwa kuvuta magugu na udongo kufuata mkingamo wa mteremko bila kuufukua udongo wa chini. Hazikuingia katika kanuni.

Kondoa, au swali gumu zaidi

Uhuru ulipofika, chombo cha zamani kilivunjwa. Machifu waliondolewa madaraka mwaka 1963, na kanuni walizozitia sahihi zikapoteza msimamizi. Zaidi ya hapo, tuta lilikuwa limepata jina baya: chama kilichokuwa kimewasikiliza wakulima wa Matombo ndicho sasa kilichokuwa serikali, nacho kilisita kuwarudishia walichokikataa. Kwa takribani muongo mmoja hifadhi ya udongo ilibaki kuwa ushauri.

Kusita huko kulikoma Kondoa. Vilima vya Irangi vilikuwa vimeliwa na makorongo kiasi kwamba mito ilikuwa mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilikuwa imehamishia baadhi ya wakazi katika nyanda za chini zilizofyekwa ili kufukuza mbung'o, na kukinga maji kwa makingamaji. Mwaka 1973 serikali ya Tanzania, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha HADO. Miaka ya kwanza ilikuwa ya kupanda miti na kuchimba makingamaji kwa matrekta, na mifugo ilipita juu yake. Mwaka 1979 uamuzi mzito ukachukuliwa: mifugo yote iondolewe katika eneo lenye ukubwa wa kilometa za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wapatao 85,000 waliondoshwa.

Mtu aliyeisoma Uluguru kama hadithi ya amri mbaya iliyoshindwa angetarajia Kondoa ishindwe vilevile. Haikushindwa. Katika misimu michache majani yalirudi, vichaka vikafuata, makorongo mengi yakaacha kupanuka, na mashamba yakalimwa hata kwenye mchanga uliokuwa umetuama chini ya vilima. Östberg (1986) aliandika juu ya mageuzi ya Kondoa akiwa ameyaona. Hivyo haifai kusema kwamba nguvu kamwe haiuokoi udongo. Kondoa iliuokoa, na mtafiti anayelikwepa hili kwa sababu halipendezi hatendi haki.

Swali la gharama lakini linabaki, na Kondoa inalijibu kwa uwazi kuliko Uluguru. Mifugo haikutoweka, ilipelekwa kwa ndugu na marafiki katika nyanda jirani, na pamoja nayo ulikwenda uzito wa kwato zake kwenye udongo wa watu wengine. Familia zilizobaki vilimani zilikosa maziwa, na zilikosa samadi, ambayo ndiyo chakula cha udongo uleule uliokuwa ukihifadhiwa. Mwenye ng'ombe wengi na jamaa wengi aliweza kuwagawa. Mwenye ng'ombe wawili aliwauza kwa bei ya siku ambayo kila mtu alikuwa akiuza. Mwishoni mwa miaka ya 1980 sheria ililegezwa, na ng'ombe wa maziwa wakaruhusiwa kurudi kwa sharti la kulishwa zizini. Badiliko hilo halikuwa kushindwa kwa hifadhi bali ukomavu wake: kwa mara ya kwanza kanuni ilimpa mkulima wa vilimani kitu, maziwa na samadi, kwa kazi ya kukata majani na kuyabeba. Ilichukua miaka kumi.

Ikilinganishwa na Kondoa, Shinyanga ilifuata mkondo wa utulivu. Mradi wa HASHI, ulioanza 1986, uliwarejesha wafugaji Wasukuma kwenye ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa masika ili yaliwe kiangazi, na mabaraza ya jadi ya dagashida yalitumika kuweka adhabu. Malaki ya hekta yalifunikwa tena kwa majani na miti. Adhabu zilikuwapo, na wakati mwingine zilikuwa kali. Lakini aliyezuiwa kuingiza ng'ombe mwezi wa Machi alijua kwamba majani hayo yatamsubiri mwezi wa Septemba.

Sheria za sasa na mteremko uleule

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ina kifungu ambacho kingewashangaza waandishi wa kanuni za 1950. Kifungu cha 29 kinamtaka mwenye hakimiliki ya kimila kuitunza ardhi katika hali nzuri na kulima kwa kufuata taratibu za ukulima bora zilizo desturi ya eneo hilo. Mfugaji naye anatakiwa kuitumia ardhi kwa namna endelevu kwa kufuata kanuni bora za kimila za ufugaji. Kwa mara ya kwanza sheria ya nchi inaitambua desturi kuwa kipimo cha utunzaji bora, ilhali kanuni za zamani ziliiona kuwa kasoro ya kurekebishwa. Kwa maneno mengine, ngoro imepata mahali pa kukaa katika sheria, na mamlaka ya kuisimamia yako kwa halmashauri ya kijiji badala ya Sultani wa kuteuliwa.

Pamoja na hayo, muundo wa zamani haujaondoka. Wajibu bado ni wa mmiliki peke yake, ndani ya mipaka ya shamba lake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya 2004, inakwenda mbali zaidi: inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu, na zile zinazoweza kuathiri hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na mwambao wa maziwa. Mtu wa mjini huisoma kanuni hiyo kama busara isiyo na mjadala. Kwa mkulima wa Uluguru, ambaye bonde lake ni jembamba kama mfereji na mito iko kila upande, mita 60 kulia na 60 kushoto zinaweza kuwa bustani yake yote ya kiangazi. Amri ya kutolima kandokando ya vijito ilikuwamo katika kanuni za ukoloni. Imerejea ikiwa na kipimo na sababu nzuri zaidi, na bado haisemi mkulima huyo apewe nini badala yake.

Ndiyo maana kilichotokea katika kata ya Kibungo Juu, upande uleule wa mashariki wa Uluguru, kinastahili nafasi katika historia ya sheria ingawa hakikuwa sheria. Katika muongo wa kwanza wa karne hii mashirika mawili ya kimataifa, CARE na WWF, yalisimamia makubaliano kati ya wakulima wa lindimaji la Mto Mfizigo, unaoingiza maji yake Ruvu, na watumiaji wakubwa wa maji hayo Dar es Salaam: shirika la majisafi la jiji na kiwanda cha vinywaji. Wakulima walioubadilisha mteremko walilipwa kwa eneo walilolibadilisha. Walipanda miti, waliacha mistari ya majani, walichimba makingamaji ya fanya juu, na wengine walichimba matuta ya ngazi.

Wajukuu wa waliokataa, basi, walichimba. Haielekei kwamba mlima ulikuwa umebadilika, wala kwamba tuta la ngazi lilikuwa limepata sifa mpya. Udongo wa chini ulikuwa mkavu wa rutuba kama ulivyokuwa, na bado ulidai samadi. Lakini tope linalozuiwa Mfizigo ni tope lisilofika kwenye mitambo ya Ruvu, na kwa mara ya kwanza aliye chini ya mto alikiri kwa fedha kwamba kazi inayofanyika juu inafanyika kwa ajili yake pia. Malipo hayakuwa makubwa, nayo yalisimama juu ya hiari na mkataba wa muda, hayakusimama juu ya kifungu chochote kinachomlazimisha mnunuzi kuendelea. Mmiliki wa shamba analazimishwa na sheria mbili kuutunza udongo. Mnywaji wa maji analipa ankara ya maji, na udongo haumo katika ankara hiyo.